Kulala hoteli ndogo Mji Mkongwe Zanzibar: mwongozo kamili, kuanzia kubuku mpaka kurudi na boti

Nimelala hoteli ndogo za Mji Mkongwe mara nyingi kiasi kwamba mahamali wawili watatu wa bandarini pale Malindi wananijua kwa sura, na kila nikirudi Dar kuna mtu ananiuliza "eti hoteli gani nzuri kule?" Mi huwa nawajibu swali hilo limekaa vibaya. Kwenye hizi hoteli zenye vyumba 8, 10, 15 hivi, unachobuku ni chumba. Hoteli moja inaweza kuwa na chumba ambacho utakikumbuka miaka kumi na chumba kingine ambacho usiku wa manane umekaa kitandani unajipepea na kanga, vyote jengo moja, vyote vimepigwa picha nzuri, na bei zimeachana elfu ishirini tu. Kwa hiyo mwongozo huu wote unazunguka hapo, jinsi ya kupata chumba kizuri ndani ya nyumba ya zamani na kukaa humo bila kugombana na mtu.

Kwanza ielewe nyumba yenyewe

Hizi hoteli wanazoziita za butiki nyingi zilikuwa nyumba za watu, matajiri wa Kiarabu, wafanyabiashara wa Kihindi, maofisa wa zamani. Hazikujengwa kuwa hoteli. Kuta ni mawe ya matumbawe yameshikwa na chokaa, unene nusu mita na zaidi, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuuongeza, ndo maana vyumba vingi vya zamani ni virefu na vyembamba na upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Ukiona tangazo linasema chumba cha kawaida, jua ni korido nzuri yenye kitanda cha samadari katikati na zidaka ukutani za kuweka simu na miwani.

Lifti kwa kawaida hamna. Mji wote uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na kuna mamlaka ya uhifadhi, mwenye nyumba hawezi kuamka tu akatoboa jengo toka chini mpaka juu. Ngazi ni zile zile za zamani, nyembamba, zimesimama, kila kidato na kimo chake.

Mwaka wa kwanza nilimpeleka mama. Nilibuku chumba cha juu kabisa kwa sababu picha ilionyesha bahari, sikuuliza kitu kingine chochote, yani nililipa kama mtu anayenunua kitenge. Tulipofika ngazi ya tatu mama akakaa pale pale kwenye kidato, akashika magoti, akaniambia, "Mwanangu, umenileta hotelini au umenileta mnarani?" Dada wa risepsheni akaja mbio na glasi ya maji, "pole bi mkubwa, pole sana," lakini vyumba vya chini vilikuwa vimejaa. Siku tatu mama alishuka mara moja tu kwa siku, kama mtu anayekwenda kazini. Na ile bahari ilionekana, ndiyo, kama ukipanda kwenye kiti bafuni.

Kitu kingine, chokaa na chumvi. Ukuta wa matumbawe unatakiwa upumue, ukipakwa saruji juu yake unyevu unakwama ndani, rangi inavimba kama malengelenge na chini unakuta unga mweupe. Chumba cha namna hiyo kinanuka godoro lililolowa hata wakipuliza manukato gani. Nyumba hizi zinataka matunzo ya mara kwa mara kwelikweli, Beit al-Ajaib yenyewe, kasri ya Sultan Barghash ya mwaka 1883, upande wake mmoja ulianguka Desemba 2020. Kwa hiyo ukiona hoteli ambayo ukuta umepakwa chokaa juzi na fundi yupo kwenye ngazi anaziba nyufa usikasirike na vumbi, hiyo ni dalili nzuri.

Hatua ya 1: chagua mtaa kabla ya hoteli

Mji Mkongwe ni mdogo, unaweza kuuvuka kwa mguu dakika ishirini kama hujapotea (utapotea). Lakini mitaa haifanani.

Shangani na kando ya Forodhani ndo kwenye bahari, taa nyingi usiku, rahisi kufika hata kama umechelewa, na bei imechangamka kwa sababu hiyo hiyo. Gari linafika karibu, kwa hiyo kama una mzee au mtoto mdogo mi ningeanza kutafuta hapa au upande wa Vuga.

Kiponda, Hurumzi, Sokomuhogo ni ndani ndani, vichochoro, milango ya kuchonga yenye njumu za shaba, watoto wanatoka madrasa, harufu ya udi na ya vitunguu vinakaangwa. Hapa ndo napapenda mimi. Lakini gari haliingii na usiku wa kwanza utazunguka msikiti ule ule mara nne ukidhani ni misikiti minne.

Malindi ni jirani na bandari, inafaa kama unaondoka na boti ya asubuhi, ila upepo ukigeuka unapata habari zote za soko la samaki. Mkunazini na upande wa Darajani una soko mlangoni, vyakula vya bei ya kawaida, na kelele za asubuhi.

Hatua ya 2: msimu

Masika, yani kati ya Machi mwishoni na Mei, bei zinashuka sana na baadhi ya hoteli zinafunga kabisa kufanya matengenezo. Mvua ya masika kwenye vichochoro vile sio mchezo, maji yanakuja mpaka kifundoni. Lakini kama unataka kupumzika tu, kusoma, kula na kulala, mimi nakwambia nenda Mei.

Julai na Agosti ni upepo wa kusi, hewa ya baridi baridi, wazungu wamejaa, buku miezi kabla. Desemba mpaka Februari ni upepo wa kaskazi na joto lake, na Februari kuna tamasha la muziki la Sauti za Busara, wiki hiyo hata kochi halipatikani. Ramadhani ina utaratibu wake, nitaifikia kwenye chakula.

Hatua ya 3: maswali ya kutuma wotsap kabla ya kutoa hata shilingi

Hapa ndo roho ya mambo. Hata kama umeiona hoteli kwenye zile programu za kubuku, tafuta namba yao na uwaandikie moja kwa moja. Hoteli ndogo mtu anayejibu mara nyingi ndo huyo huyo atakayekupokea, na anavijua vyumba kama watoto wake. Mi ninayo meseji nimeihifadhi, nabadilisha tarehe tu:

"Asalaam aleikum, habari za kazi. Tutakuja watu wawili, usiku 3. Naomba kujua chumba mtakachotupa kinaitwaje na kipo ghorofa ya ngapi, na ni vidato vingapi kutoka risepsheni. Dirisha linatazama njiani, uwani au baharini? Naomba video fupi ya chumba hicho hicho na ya shawa ikiwa imefunguliwa. Umeme ukikatika jenereta inaendesha na kiyoyozi au taa tu? Bei ya Mtanzania ni ngapi kwa shilingi, na kodi na chai ya asubuhi zimo? Ahsanteni."

Nieleze kwa nini hayo.

Jina la chumba, kwa sababu wengi wanavipa majina badala ya namba, na ukishakuwa na jina kwa maandishi ukifika huwezi kuambiwa "hiki ni sawasawa na kile". Ghorofa, kuwa makini, ya chini wengi hawaihesabu, kwa hiyo "ghorofa ya pili" ni ya tatu kutoka chini, magoti yatajua. Ndo maana nauliza vidato. Kuna kaka mmoja aliniambia ngoja, akaenda kuhesabu kweli, akarudi na jibu, "hamsini na moja, na viwili vya mlangoni." Nikabuku hapo hapo.

Dirisha: linalotazama njia lina hewa na lina kelele, pikipiki, wauza kahawa, salamu za majirani kuanzia alfajiri. Linalotazama uwani, ule uwazi wa katikati ya nyumba, ni kimya na kivuli lakini wakati mwingine giza, na kila anayepita varanda anakuona. La bahari ndo bei, na uliza "baharini kabisa au ukichungulia?" Watacheka, ila watakujibu ukweli.

Video ya shawa watu wananicheka nayo. Maji kwenye nyumba hizi mengi yanapandishwa na pampu mpaka kwenye simtanki juu ya paa halafu yanashuka yenyewe, kwa hiyo chumba cha juu kabisa, kilichokaribia tanki, ndo kina presha ndogo kuliko vyote. Chumba chenye mandhari nzuri kuliko vyote ndo shawa yake inadondosha kama pua yenye mafua. Kama wana pampu ya presha watakwambia kwa furaha.

Umeme sasa hivi ni afadhali sana kuliko zamani, wenyeji bado wanasimulia giza la Desemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu kisiwa kizima. Ila kukatika kupo, na jenereta ya taa tu bila feni mwezi wa Februari ni mateso.

Ongeza maswali kulingana na wewe. Mnaokwenda wawili mwanamme na mwanamke Waswahili, baadhi ya nyumba za wageni zinaomba cheti cha ndoa, uliza mapema na usione haya, ni bora kuulizana kwenye simu kuliko kwenye kaunta mbele za watu. Kama unakunywa uliza pia, zipo hoteli haziuzi pombe na hazitaki uingie nayo.

Hatua ya 4: bei

Bei imezoea kutajwa kwa dola. Uliza bei ya Mtanzania au ya mkaazi, ipo sehemu nyingi ila ni nadra mtu kuitaja mwenyewe. Mkenya na Mganda nao waulize bei ya Afrika Mashariki, wapo wanaokubali. Zanzibar kuna kodi ya miundombinu inayotozwa kwa kila mtu kila usiku, kuna hoteli zinaiweka ndani ya bei na kuna zinazokuongezea siku ya kuondoka, basi iwe kwenye maandishi.

Usilipe yote. Depoziti inatosha, kwa namba au akaunti yenye jina la hoteli, na skrinshoti uiweke. Kukaa usiku 3 au 4 ndo unapata nguvu ya kuomba punguzo, ukikaa mmoja hata mi ningekuwa mwenye hoteli nisingekupunguzia. Ukishindwa kupunguziwa hela, omba chumba cha daraja la juu au chakula cha usiku mmoja, hicho wanatoa kwa moyo mweupe zaidi.

Hatua ya 5: siku ya safari

Boti ya kasi kutoka Dar ni kama masaa mawili. Wakati wa kusi bahari inachafuka, kula kidogo, kaa nyuma na chini, mbele inaruka. Mtanzania beba kitambulisho, mtu wa nje pasipoti hata kama umetokea Dar maana uhamiaji wapo bandarini. Ukiwa na mgeni wa kutoka nje ya nchi mwambie habari ya bima ya safari ya Zanzibar, imeanza Oktoba 2024, dola 44, aikate mtandaoni kabla.

Hotelini wape saa ya kufika, na hapa naomba tuelewane, chek-in ya saa 14 kwenye programu ni saa nane mchana. Namjua mtu (sio mimi safari hii) aliyefika saa nane usiku kwa hesabu zake mwenyewe, akagonga mlango wa kuchonga wa karne iliyopita mpaka jirani akaamka.

Ukitoka getini bandarini utapokewa na mapapasi, wale wanaowinda wageni wapya. Wengi hawana ubaya, wanatafuta riziki, ila atakubebea begi, atakwambia hoteli yako imefungwa, ina maji, imeungua, twende kwa ndugu yangu. Jibu ni "ahsante kaka, napokewa" na uwe kweli unapokewa. Omba hoteli ikutumie kijana. Google Maps ndani ya vichochoro inachanganyikiwa kama wewe tu, kuta ni ndefu na simu haioni mbingu. Ukija na ndege, uwanja wa Abeid Amani Karume upo kilomita chache tu, teksi itakuacha pale gari linapoishia halafu mkokoteni unamalizia. Mi hamali nampa elfu 5 kwa mabegi mawili na sipigi kelele. Begi la magurudumu madogo acha nyumbani, njia zile zinayala.

Hatua ya 6: dakika kumi za kwanza chumbani

Kabla hujafungua begi, na kabla kijana aliyekuleta hajashuka, fungua shawa, ya moto na ya baridi. Washa kiyoyozi uone kinapoa au kinaimba tu. Angalia chandarua juu kwa mwanga wa simu, tundu moja linatosha kuharibu usiku. Funga mlango kwa ndani, milango ya zamani ina makomeo ya mbao au mnyororo na ina ujanja wake, muombe akuonyeshe. Gusa ukuta wa nyuma ya kitanda kwa kiganja, ukiwa umelowa omba chumba kingine sasa hivi, sio kesho. Sema kwa upole, "samahani kaka, hapa sitaweza kulala, tusaidiane." Zanzibar ukipandisha sauti umeshapoteza, wote watanyamaza na hakuna kitakachofanyika.

Hatua ya 7: kulala

Adhana ya alfajiri ni mnamo saa 11, na misikiti ipo kila pembe, kwa hiyo zinaitikiana moja baada ya nyingine. Kama huwezi kurudi kulala panda juu ya paa. Bati za kutu, simtanki, paka, minara, na bahari inaanza kuwa kijivu. Mi ndo saa ninayoipenda kuliko zote hata kama sijapata usingizi wa kutosha.

Madirisha ya mbao fungua jioni jua likishapoa, funga mchana. Nyumba imejengwa kwa hilo, kuta nene zinashika ubaridi kama mtungi, ukiacha wazi saa saba mchana usilaumu kiyoyozi.

Hatua ya 8: kula

Chai ya asubuhi hoteli nyingi ndogo wanaiandaa juu ya paa, matunda, mayai, mkate wa ufuta au vitumbua. Waambie usiku unataka ya wenyeji, chapati na maharage ya nazi au mbaazi, watafurahi, maana wamechoka kukaanga mayai ya wazungu.

Mchana na jioni toka nje. Urojo wa mtaani, biriani upande wa Mkunazini, juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu. Forodhani nenda saa kumi na moja jioni uwaone vijana wanavyojirusha baharini kutoka ukutani, mmoja anakimbia, anageuka hewani, anaingia kichwa, na mwenzake juu anapiga kelele "mbovu hiyo, rudia!" Meza za chakula zinajaa giza likiingia. Uliza bei kabla hujaonyesha kidole, mishkaki ya pweza na kamba ikishapashwa moto ni yako. Supu ya pweza kunywa kwa aliyezungukwa na wenyeji. Halafu kijiwe cha Jaws Corner, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, kashata, na wazee wa dhumna ambao watakupa uchambuzi wa siasa bila kuombwa.

Ramadhani mchana usile wala usinywe maji njiani, hata kama sio Muislamu. Hoteli itakupa chakula ndani, waulize utaratibu. Futari yake sasa, ah, hiyo peke yake ni sababu ya kwenda.

Hatua ya 9: adabu

Funika mabega na magoti ukitoka mlangoni, nguo ya ufukweni ibaki ufukweni. Mtu amekaa barazani kwake salimia, mzee shikamoo, hata ukiwa na haraka. Usipige picha watu na mlango wao bila kuomba. Na sauti, jamani watu wa bara, tunaongea kwa sauti! Ule uwa wa katikati unabeba maneno toka chini mpaka juu, simu yako ya saa nne usiku hoteli nzima inaijua.

Hatua ya 10: kuondoka

Bili iombe usiku wa kabla, siku ya kuondoka mashine ya kadi inapenda kukosa mtandao. Begi watakuhifadhia mpaka saa ya boti, karibu hoteli zote wanafanya hivyo, na wengine wana bafu la kuogea kabla ya safari ukiuliza vizuri. Bahashishi mpe aliyefagia chumba mkononi, usiiache mezani. Bandarini fika saa nzima kabla maana foleni ya mizigo na kuangaliwa vitambulisho haina haraka.

Ndani ya boti kaa upande wa kushoto ukitazama mbele. Ikishatoka Malindi inapita mbele ya mji wote, Forodhani, Ngome Kongwe, mpaka Shangani, na ukiwa na macho mazuri unaweza kukitafuta kidirisha cha bafu ambacho mama yangu alikataa kupanda kiti akakichungulie.